Sentimita Sita za Mwaloni

Kila Alhamisi katika shule ya Ekhult, chakula cha mchana ni supu ya njegere na chapati za maji zenye jamu. Na kila Alhamisi Sixten Brorsson hupanga foleni mara mbili.

"Sixten, utapasuka," Tuva Lindros alimwambia siku ile. "Leo tuna kazi ya kukimbia."

"Gari haliendi bila mafuta," Sixten alijibu, jamu ikimmeremeta kidevuni. "Hii ya mwisho. Na hii ndogo hapa haihesabiwi."

Elna Kvist aliketi upande wa pili wa meza. Alikuwa anachonga penseli yake juu ya sahani tupu. Elna alikuwa msichana mpole, mwenye kuandika kila kitu kwenye daftari dogo la jalada la kijani: mawingu, ndege, hata idadi ya konokono njiani. Wenzake walimwita Karani. Yeye hakukasirika, na huenda hata hilo aliliandika.

Siku hiyo ilikuwa ya Msako wa Mialoni. Mwishoni mwa kila Agosti, wanafunzi wa darasa la sita hugawanywa katika vikundi vya watatu watatu, wakapewa vitendawili, futikamba moja na fomu moja. Vitendawili huwapeleka kutoka mti hadi mti. Hazina yenyewe haijafukiwa popote, kwa sababu hazina ni mwaloni. Kila kikundi hutafuta mwaloni mkubwa ambao bado haujaandikwa katika daftari la miti ya kale la mkoa. Kikundi chenye mti mnene kuliko yote hushinda, na washindi ndio wanaoupa mti wao jina. Jina hilo huingia kwenye ramani, likabaki humo hata wao watakapokuwa wazee.

Tuva alikuwa na sababu ya kutaka ushindi. Miaka miwili nyuma, kaka yake Arvid alishinda. Mwaloni ulioko nyuma ya duka la kijiji unaitwa Ngome hadi leo, jina alilolichagua Arvid, na baba yao hakuweza kupita pale na mgeni bila kusimama. "Huu kauona mwanangu," alikuwa akisema, huku akiupapasa mti kama anayepapasa farasi. Tuva alikuwa amesikia maneno hayo mara nyingi mno.

Saa saba Mwalimu Agneta aliwakusanya uwanjani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya ziwa.

"Kitendawili!" alisema.

"Tega!"

"Nina vidole, sina kucha!"

Wengi walikuna vichwa. Kikundi cha Vidar kiliondoka mbio kuelekea kanisani. Sixten alitaka kuwafuata, lakini Elna alimshika mkono wa koti.

"Ile ya kanisani ni mialoni ya kuletwa kutoka ng'ambo ya bahari," alisema taratibu. "Majani yake yana ncha kali. Hizo ndizo kucha. Mwaloni wetu wa asili una majani ya mviringo, kama vidole vya mtoto mchanga."

"Karani!" Sixten alicheka. "Kumbe hizo karatasi zako zina faida!"

Basi wakaelekea upande mwingine, hadi mwaloni wa asili ulioko kisimani, ambapo walikuta kitendawili cha pili kimefungwa tawini kwa uzi mwekundu. Kutoka hapo walikwenda kwenye daraja la mawe, na kutoka darajani wakaingia malishoni mwa mzee Holger. Vitendawili viliishia hapo. Kuanzia pale kila kikundi kilijitafutia chenyewe.

Walizunguka kwa karibu nusu saa. Kila mwaloni mkubwa waliouona ulikuwa tayari na kibati cha mkoa, alama ya kuwa umeshaandikwa. Mwishowe Tuva aliona, nyuma ya vichaka vya upande wa kijito, tawi kavu lililonyooka juu kama mkono wa mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Alipenya katikati ya majani yanayowasha, akijikuna na kulalamika, kisha akasimama ghafla.

Mbele yake ulisimama mwaloni mzee. Nusu ya matawi yake yalikuwa yamekauka, nusu nyingine yalikuwa ya kijani kibichi na yamejaa matunda machanga yaliyovaa vikofia. Gome lake lilikuwa na mifereji ambayo kidole kizima kingeweza kuzama ndani. Usawa wa uso wa mtu kulikuwa na shimo jeusi kubwa kama kichwa, na chini ya shimo hilo, kati ya mizizi, kulikuwa na unga wa kahawia uliomwagika. Tuva alizunguka mti mzima. Hakukuwa na kibati.

"Njooni!" aliita. "Njooni upesi! Ni wetu!"

Walipima kimo cha sentimita mia moja na thelathini kutoka ardhini, kama sheria ilivyosema, wakazungusha futikamba na kuikaza.

"Mia tatu tisini na nane," Elna alisoma, akaandika. Kisha akanusa hewa. "Mnasikia harufu? Kama pichi zilizoiva."

"Pichi katika malisho ya Holger?" Sixten alisema. "Labda ni jamu ya zile chapati zangu."

Wakati huo huo sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta wa mawe. Alikuwa Vidar, akipita na wenzake, fomu yake ikipepea mkononi kama bendera.

"Lindros! Sisi tuna mia nne na moja! Nyie tafuteni vijiti vya kuchomea soseji!"

Walipotoweka, Tuva aliendelea kuutazama mti. Sentimita tatu tu!

"Tupime tena," alisema. "Sixten, shika huko. Usikaze sana. Huoni gome limevimba hapo? Legeza kidogo. Kidogo tena."

Futikamba ililegea, ikaning'inia upande mmoja kama mkanda wa suruali kubwa.

"Mia nne na nne!" Tuva alisema. "Andika, Elna."

"Tulipokaza ilikuwa mia tatu tisini na nane."

"Umeambiwa uandike, hujaambiwa uhubiri."

Elna aliinama juu ya daftari lake la kijani, akaandika polepole. Kisha alifunga daftari na kulitia mfukoni bila kumwonyesha mtu. Fomu ya shule aliijaza Tuva mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: mzingo, sentimita 404. Kwenye nafasi ya "mengineyo mliyoyaona" hakuandika kitu. Nani angeandika habari za pichi akachekwe na darasa zima?

Ijumaa mchana Mwalimu Agneta alitangaza matokeo, na darasa likapiga makofi hadi madirisha yakatetemeka. Tuva alipewa tunda la mwaloni lililochongwa kwa mbao, zito na laini, lenye majina ya washindi wa miaka yote chini yake.

"Jumatatu," Mwalimu alisema, "mtaalamu wa miti kutoka mkoani atakuja kuupima mti huo na kuuandika. Hapo ndipo mtatuambia jina."

Makofi yalilia tena. Tuva alisikia masikio yake yakipata moto. Kuupima? Alimgeukia Sixten, na Sixten akaangalia viatu vyake. Alimtafuta Elna, lakini Elna alikuwa amehamia dawati la dirishani.

Nyumbani baba yake, Anders, alimnyanyua juu kama mtoto wa miaka minne. Alikuwa mkata miti kwa kazi yake, mtu wa mikono mipana, na furaha yake haikuwa ya kunong'ona. Alimpigia bibi simu, akampigia Arvid, akampigia hata jirani ambaye nyumba yake ilionekana dirishani. Tuva alisema tumbo linamuuma, akaenda kujilaza.

Jumapili asubuhi baba alitia kahawa kwenye chupa, akafunga maandazi ya mdalasini kwenye kitambaa. "Twende ukanionyeshe mti wako," alisema.

Hakukuwa na njia ya kukataa. Walipofika, baba alisimama mbele ya mwaloni kwa muda mrefu, kofia mkononi.

"Unajua, binti yangu," alisema hatimaye, "zamani mialoni yote ya nchi hii ilikuwa mali ya mfalme, ya kutengenezea merikebu za vita. Mti ukiota katikati ya shamba lako, huna ruhusa kuugusa. Babu zetu waliichukia miti hii hadi wengine wakaing'oa ikiwa michanga, kwa siri. Huu ulipona. Ulipona kwa wafalme, ukapona kwa wakulima." Kisha akacheka kidogo. "Na nusura usipone kwangu."

"Kwa nini kwako?"

"Holger aliniajiri niukate baada ya Krismasi. Anasema umeoza ndani, hauna kazi. Lakini Ijumaa nilimpigia, nikamwambia: Holger, huo mti binti yangu kaupima, ni mia nne na nne, ndio wa kwanza kijijini. Akasema, kama ni hivyo basi, uacheni."

Tuva alirudisha andazi lake kwenye kitambaa. Aliutazama mti, matawi mabichi na makavu pamoja. Akinyamaza, kesho watapima na uongo utajulikana. Akisema, huenda Holger akarudi kwenye neno lake la kwanza, na msumeno wa baba yake ndio utakaolia hapa. Ingekuwa afadhali asingeuona mti huu kabisa.

"Baba," alisema, na machozi yakamtangulia. "Si mia nne na nne. Ni mia tatu tisini na nane. Nililegeza futikamba."

Baba alimwaga kahawa iliyobaki kwenye nyasi, akafunga chupa taratibu.

"Vidar alikuwa na mia nne na moja," Tuva aliendelea kulia. "Na wewe unasimama kwa Ngome kila mara. Nilitaka usimame na kwangu."

Anders aliketi juu ya mzizi, akamvuta karibu. "Hilo ni kosa langu, nami nitalibeba," alisema. "La futikamba ni lako. Kesho utasema mwenyewe, mbele ya wale waliokupigia makofi. Nami nitamwambia Holger. Nimemdanganya mzee wa watu bila kujua."

"Akisema ukatwe?"

"Nitamwomba. Lakini nitamwomba kwa ukweli. Siwezi kwenda kwake na namba nyingine ya uongo."

Jumatatu, kabla hata mikoba haijatundikwa, Tuva alisimama mbele ya darasa.

"Mzingo wa mti wetu ni mia tatu tisini na nane. Mimi nilizidisha sentimita sita. Elna alinikataza. Kikundi cha Vidar ndicho kilichoshinda."

Vidar akaropoka, "Mwizi wa sentimita!" na darasa likaangua kicheko.

Sixten alisimama, uso mwekundu. "Basi tuko wezi wawili. Mimi ndiye niliyeshika upande wa pili."

"Kaa chini, Sixten. Vidar, yatosha," Mwalimu Agneta alisema. Alilichukua lile tunda la mbao mkononi mwa Tuva na kulipeleka kwenye dawati la Vidar. Hakumkaripia Tuva, wala hakumbembeleza. Tuva alirudi kwenye kiti chake, na ajabu ni kwamba pumzi, iliyokuwa imembana tangu Ijumaa, ilishuka yote mara moja.

Mtaalamu kutoka mkoani alikuwa mama mfupi aitwaye Annika, mwenye buti zenye tope na mkoba mkubwa mgongoni. Mwalimu alimweleza yaliyotokea.

"Mia tatu tisini na nane bado ni mwaloni mkubwa," Bi Annika alisema. "Nitakwenda kuuandika hata hivyo. Mna maelezo yoyote mengine? Fomu hii haina kitu."

Tuva alimgeukia Elna. "Yapo," alisema. "Mpe daftari lako. Tafadhali."

Elna alisita, kisha akatoa daftari la kijani. Bi Annika alivaa miwani, akasoma kwa sauti: "Kipimo cha kwanza, imekazwa, 398. Kipimo cha pili, imelegezwa, 404. Shimo upande wa jua. Unga wa kahawia chini ya shimo, una punje kama za pilipili manga. Harufu ya pichi zilizoiva, saa nane na dakika ishirini, hakuna mti wa matunda karibu."

Aliacha kusoma. Alirudia mstari wa mwisho kimyakimya, midomo ikimcheza.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi," Elna alisema kwa woga. "Nimekosea?"

"Mwalimu," Bi Annika alisema, akiitafuta tochi mkobani, "darasa zima livae viatu. Twende sasa hivi."

Walikwenda karibu mbio, watoto kumi na wanane nyuma ya buti zenye tope. Jua lilikuwa kali kwa siku ya mwisho wa Agosti. Walipopenya vichaka, harufu iliwafikia wote, tamu na nzito, na safari hii hata Sixten hakufanya mzaha. Bi Annika aliinua mkono wasisogee. Alikaribia shimo peke yake, akawasha tochi, akatazama. Kisha akawaita wawili wawili.

Ilipofika zamu yao, Tuva na Elna walitazama pamoja. Ukingoni mwa shimo alikaa mbawakawa mkubwa wa rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, akimeta kama kiatu kilichopigwa rangi, mrefu kama kipande cha juu cha kidole gumba. Hakuwa na haraka yoyote.

"Huyo ndiye mwenye harufu," Bi Annika alinong'ona. "Dume anamwita jike. Huishi ndani ya mialoni mizee yenye pango tu, kizazi baada ya kizazi katika mti uleule, na mara chache sana huhama. Kila mti wa namna hii unapokatwa, ukoo mzima wao hufa. Nimekuwa nikiwatafuta upande huu wa ziwa kwa miaka kumi na moja. Sikuwahi kumwona hata mmoja." Alivua miwani, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi. "Sheria inawalinda. Na inaulinda mti wao."

"Hata kama umeoza ndani?" Tuva aliuliza.

"Kwa sababu umeoza ndani, mwanangu. Uozo huo ndio chakula chao."

Mzee Holger alikuwa ameona watoto wakikimbia malishoni kwake, naye akaja na fimbo yake kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, alichungulia shimoni, akanusa, akajikuna shingo.

"Kumbe miaka yote hii nina wapangaji," alisema, "na mimi nilikuwa nawatafutia msumeno!" Kisha aliangua kicheko, akatutumua kifua. Jioni ile kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia habari za mbawakawa wa Holger, na katika masimulizi ya mzee huyo mdudu alikuwa mkubwa kama panya.

Kwa kuwa mti uliingia katika daftari la mkoa kwa sababu ya mbawakawa, si kwa unene wake, Bi Annika alisema aliyeandika dalili ndiye atakayeupa jina. Elna alifikiri kwa muda mrefu, hadi Sixten akaanza kuhema kwa kukosa subira. "Bibi Mkubwa," Elna alisema hatimaye, na hakuna aliyepinga. Tunda la mbao lilibaki kwa Vidar, naye alilistahili. Mti wake ulikuwa mnene kweli, sentimita mia nne na moja, futikamba imekazwa.

Kabla ya kurudi shuleni, Mwalimu Agneta aliwaketisha kwenye nyasi.

"Sikilizeni," alisema. "Tuva alitaka kuuongezea mti huu sifa, akauongezea sentimita sita ambazo haukuwa nazo. Wakati huo huo akaiacha nje ya fomu sifa yake halisi, kwa kuogopa kuchekwa. Uongo hufanya hivyo. Hutushughulisha na kile kisichokuwepo mpaka tusikione kilichopo. Elna aliandika alichokiona na alichokinusa, bila kupunguza wala kuzidisha, na leo mti umesimama. Lakini nawaambia na hili: Tuva alisimama asubuhi bila kujua kwamba mambo yataisha hivi. Alijua tu kwamba ataaibika. Ndiyo maana sitaki kusikia tena neno mwizi katika darasa langu."

Vidar aliinamisha kichwa. Baadaye, njiani, alimgawia Tuva nusu ya andazi lake, na Tuva akalipokea.

Wiki mbili baadaye wanafunzi wa darasa la kwanza walipelekwa kuuona mti huo, na Tuva aliombwa awaongoze. Mtoto mmoja aliyeng'oka meno ya mbele alimvuta mkono wa koti.

"Dada, nani aliuona? Ni wewe?"

Anders alikuwa amesimama pembeni, amekuja kusaidia kufyeka yale majani yanayowasha. Alitega sikio.

"Mimi niliufikia, nikaupima vibaya," Tuva alisema, akasimama wima kabisa. "Aliyeuona ni rafiki yangu. Anaitwa Elna Kvist. Yule pale, anayeandika."